Nani kabaki nje ya mlango? Maneno niliyoyasema Amu, mji wa Lamu, juu ya uchumi wa kijamii

Wengi mmenitumia meseji mkitaka haya maneno yaandikwe, manake siku ile upepo wa kusi ulikuwa mkali na spika ilikuwa ikikatakata, walioketi nyuma hawakuskia vizuri. Nimeyaandika vile nilivoyasema, nimeongeza kidogo pale nilipokatizwa na adhana.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu mlioketi mbele, mashekhe zetu, kina mama, mabinti zangu, vijana wa mashua na wa punda, na wageni wetu mliovuka kutoka Hindi na Mpeketoni na mliokuja na boti kutoka Pate, Faza na Kizingitini, karibuni sana, najua bahari leo si ya mchezo.

Nimeambiwa niongee juu ya uchumi wa kijamii na vile unavoweza kuleta maendeleo bila kumwacha mtu nyuma. Nilipoletewa hilo jina nilikaa nalo siku mbili, nikajiuliza mamangu angelielewa vipi. Mamangu hakusoma, alikuwa akisuka mikeka na kuuza, lakini kikoa alikijua, na nikaona basi naanzia hapo.

Kikoa mwakijua. Watu sita saba wa mtaa mmoja, leo wote wala kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa jirani, mpaka mzunguko umalizike. Hakuna aliyelishwa hapo. Kila mmoja amekuwa mgeni na kila mmoja amekuwa mwenye nyumba, na yule ambaye uwezo wake ni muhogo na papa ataleta muhogo na papa, na siku yake itahesabiwa sawa na siku ya mwenye pilau. Alafu kuna mchezo, kina mama wakutana kila wiki watoa kila mtu chake, mmoja achukua zote, huyu anunua godoro, yule alipa karo, mwengine aezeka paa kabla mvua haijaja. Alafu kuna wakf. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma pale Madina akakitoa wakf, maji yakawa ya kila mwenye kiu, na hapa Amu tuna visima na nyumba na mashamba yaliyotolewa wakf na watu ambao hata majina yao hatuyajui tena, na kodi ya zile nyumba yaingia kwenye mfuko wa msikiti mpaka hii leo.

Hayo yote ndio uchumi wa kijamii. Msiogope jina.

Sasa dunia nayo imefika hapo. Mwezi wa Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikaa Geneva likakubaliana maana ya huu uchumi wa kijamii na mshikamano, na tarehe 18 Aprili 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuzitaka nchi ziuunge mkono. Ukiyaondoa maneno mengi ya kiofisi yabaki hivi: ni biashara ama huduma inayoendeshwa na watu wenyewe kwa hiari yao, mtu ni kwanza pesa ni baadaye, kila mwanachama ana sauti, na ziada ikipatikana haiendi kwa mwenye mtaji mkubwa, yarudi kwa watu na kwa kazi yao. Ndani yake mna vyama vya ushirika, sako, vyama vya kusaidiana, jumuiya, wakf, na hivi vikundi vyetu vya kujisaidia.

Na si sadaka, hili nataka likae vizuri vichwani. Sadaka ina thawabu zake na mlango wake haufungwi, lakini kwenye sadaka yuko anayetoa na yuko anayepokea, na anayepokea haulizwi. Kwenye kikundi yule maskini kabisa ana haki ya kusimama aseme hapana hii hesabu siielewi, rudia. Hiyo haki ya kusema rudia ndio imenileta hapa leo.

Manake jambo nililokuja kuwaambia ni moja. Kikundi kikiitwa cha jamii haimaanishi jamii imo ndani. Hata ushirika waweza kuwa mlango uliofungwa. Hapa kwetu Kenya chama cha kwanza cha ushirika kilianza mwaka 1908 kule Lumbwa, siku hizi paitwa Kipkelion, na kilikuwa cha walowezi wazungu peke yao, mwafrika hakuwa na ruhusa, alilima na kukamua na kubeba lakini kwenye daftari la wanachama hayumo, mpaka ilipotoka sheria ya 1945 ndio akaanza kuruhusiwa. Miaka 37! Na ndani ya kile chama nina hakika walikuwa wakiitana ndugu na kusaidiana vizuri tu. Sasa mimi huwa nikienda kwenye kikundi chochote siulizi kwanza mna pesa ngapi, nauliza nani hayupo na kwa nini hayupo.

Nianze na mizani.

Wale wa Pate mwajua pweza anavouzwa. Maji yakitoka siku za bamvua mama ashuka mwambani na kijiti chake na ndoo, ainama masaa, miguu yakatwa na mawe, arudi na pweza watatu wanne. Pale ufuoni amngojea tajiri ama kijana wa tajiri, mizani imening'inia kwenye mti. Mimi nimesimama pale nikaangalia kwa macho yangu. Mama atoa pweza kwenye ndoo, wamtundika, mizani yacheza juu chini juu chini, sindano haijatulia bado kijana ashaisoma, ashaandika, pweza ashatupwa kwenye kreti. Mama hakuiona namba. Na hata angeiona hawezi kuuza kwengine kwa sababu msimu wa kusi uliopita, bahari ilipochafuka na nyumbani hakuna kitu, ni huyo huyo tajiri alimkopesha unga, na mumewe nyavu ni za tajiri, na mashine ya boti ni ya tajiri.

Sisemi tajiri ni adui. Wengi ni jamaa zetu, na miaka ile hakukuwa na benki wala simu ya kutuma pesa, yeye ndie alikuwa benki, yeye ndie alikuwa bima, mvuvi akipotelea baharini yeye ndie alinunua sanda. Lazima tuseme ukweli wote. Lakini mtu mmoja akiwa yeye ndie mkopeshaji, yeye ndie mnunuzi na yeye ndie mwenye mizani, basi bei haina mazungumzo.

Kitu cha kwanza tulichonunua kwa pesa za kikundi chetu hakikuwa friza wala boti. Ilikuwa mizani. Mizani ya kutundika ya kawaida ya dukani, tukaitundika chini ya mwembe na tukakubaliana kila mama apite hapo kwanza, apime, aandikiwe kwenye kijitabu chake, alafu ndio aende kwa tajiri. Hatukugombana na mtu. Mwezi wa kwanza tu kijana wa tajiri alianza kungoja sindano itulie, kwa sababu yule mama alikuja na namba yake mkononi. Nimeona kina mama wazima wakilia kwa ajili ya ile namba, manake ilibidi wapige hesabu ya miaka yote iliyopita.

Waingereza nao hadithi yao yaanzia hapo hapo. Mji wa Rochdale mwaka 1844, watu 28, wafumaji wa nguo na mafundi wengine, walichanga kidogo kidogo wakafungua kiduka cha unga, siagi, sukari na oti, kwa sababu wauza duka wa wakati ule walikuwa wakichanganya unga na vitu visivyoliwa na kuwapunja kwenye kipimo. Unga safi na kipimo cha haki, ndio walichokiuza. Wakaweka na sheria ya mtu mmoja kura moja, hata uwe na hisa nyingi vipi kura yako ni moja. Vyama vya ushirika vingi duniani leo vyafuata ile sheria.

Na pweza tusimwache hapo. Pweza akua haraka na maisha yake yote ni kama mwaka na kitu, kwa hivo ukifunga mwamba miezi michache ukifungua wakuta wakubwa. Wavuvi wa kusini magharibi ya Madagascar kijiji cha Andavadoaka walianza kufunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004, na huku kwetu kina mama wa Pate nao wamefunga wakafungua wakaona. Lakini mwajua kufunga mwamba kwataka nini? Kwataka kila anayeushukia akubali, na kwataka kuwe na cha kula wakati umefungwa. Mtu asiye na akiba hawezi kufunga mwamba, leo asipouza, njaa hailali naye peke yake, alala nayo na watoto. Ndio nasema mazingira na mfuko wa kikundi ni kitu kimoja, hakuna anayehifadhi bahari kwa tumbo tupu.

Sasa sanduku letu. Wengi hapa mna sanduku kama hilo, la bati, lina kufuli tatu na funguo zashikwa na watu watatu tofauti na sanduku lakaa kwa mtu wa nne. Mtindo huu haukuanzia benki, ulianzia kwa kina mama wa Niger mwaka 1991 na sasa uko Afrika nzima. Mkikutana lafunguliwa mbele ya wote, pesa zahesabiwa kwa sauti, kila mtu akumbuka kiasi kilichobaki wiki iliyopita hata asiyejua kusoma, na ukikosea kuna mtu atakusahihisha. Kuna hisa, kuna mikopo, na kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Mwaka 2020 hoteli zilipofungwa na wageni wakakatika ghafla, vijana wa mashua na wapishi na wafua nguo wote nyumbani, mfuko wa jamii wa kikundi chetu ndio uliotoa unga na mafuta, na hatukuandika barua kwa mtu.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi hicho kwa muda mrefu, na nataka niwaambie kosa letu, kwa sababu lilinifunza kuliko semina zote nilizokwenda.

Tulikuwa twakutana orofani kwa mmoja wetu. Ngazi za nyumba zetu za Amu mwazijua, nyembamba, za mawe, zapinda kwenye giza. Tuna mwanachama mwenzetu anashona kofia, kazi yake safi sana, vito vyake havina mfano, na miguu yake haina nguvu toka utotoni. Kila wiki alimtuma mwanawe na hisa yake, hakukosa hata wiki moja, na sisi twamsifu, mashallah yule mama muaminifu. Siku moja usiku nimekaa napitia daftari nikiandaa hesabu ya kugawana mwisho wa mwaka, nikafika kwenye mstari wake. Hisa, hisa, hisa, ukurasa mzima. Upande wa mikopo hakuna kitu. Nikarudi nyuma mwaka mzima mwengine, hakuna kitu. Miaka miwili pesa zake zimekopeshwa kila mtu isipokuwa yeye.

Kwa nini? Kwa sababu sheria yetu tuliyoiandika wenyewe ilisema anayetaka mkopo aje aombe mbele ya mkutano.

Asubuhi nikaenda kwake. Alikuwa amekaa barazani na kofia gotini, hakuacha kushona, akaniambia, "Pesa zangu zaingia mkutanoni, mimi siingii." Hakusema kwa hasira. Mimi nilikosa la kusema nikanyanyuka nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

Wiki ile ile tukateremka. Tukaanza kukutana chini dakani, pale pale pa mlangoni, na saa tukaibadilisha kutoka asubuhi kwenda baada ya swala ya alasiri. Na mwajua nani walitokea? Si yeye peke yake. Alitokea bibi mmoja wa magoti mabaya ambaye tulidhani amechoka na kikundi. Alitokea mama wa mahamri ambaye asubuhi ndio biashara yake, hakuwa na njia ya kuja. Walitokea wajawazito wawili. Alitokea na mama mmoja mgeni wa bara aliyeolewa hapa, alikuwa akipita pale mlangoni kila siku na hakuna aliyewahi kumwita apande juu. Ngazi kumi na tano zilikuwa zimewafungia nje watu wote hao na sisi tuliokaa juu tulikuwa twasema kikundi hiki ni cha kila mtu, tena twaamini.

Katiba ya 2010 kifungu cha 54 yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika kila mahali pa watu wote. Tulikuwa nayo ile katiba, hata kopi tulikuwa nayo.

Na hapa mjini mfano hatuendi kuutafuta mbali. Habib Swaleh, yule shekhe aliyeanzisha msikiti wa Riyadha, alipoketi kufundisha, mwisho wa karne ya 19, aliwafungulia darasa watu ambao wakati ule hawakufunguliwa darasa, watumwa na wana wa watumwa na wageni na maskini, na wako wakubwa waliochukia. Leo Riyadha yajaza mji mzima kwa Maulidi na wageni watoka nchi za mbali. Elimu ile ilikua kwa kufungua mlango.

Nije kwenye riba, najua mashekhe mwanisikiliza hapa kwa makini, na mnisahihishe nikikosea. Kuna kina mama hapa Amu wamekaa nje ya kila mkopo miaka yote, na ofisini waandikwa kwamba hawana ari ya biashara. Si kweli, ari wanayo, wanaogopa haramu. Hazina ya Uwezo ya serikali haina riba ila yatoza asilimia 3 ya gharama za kuendesha, ile ya Hasla ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na mtu akishaskia neno riba ashafunga sikio, haki yake. Mabenki ya kufuata sharia yameanza hapa Kenya toka 2008 lakini wengi wa kina mama wa pweza hawana hata akaunti. Kwa hivo sisi tulikaa na shekhe, tukabadilisha. Mwanachama akitaka friza ndogo ama cherehani kikundi chanunua hicho kitu kwa jina la kikundi, kikawa mali yetu kwanza, alafu twamuuzia kwa bei inayojulikana tokea siku ya kwanza, alipe kidogo kidogo na haiongezeki hata akichelewa. Na kwa ugonjwa na karo twatoa karadha hasana, warudisha kile kile ulichochukua. Faida imepungua, ndio, kugawana kwa mwaka ule wa kwanza kulikuwa kudogo na wako walionung'unika na mmoja alitoka. Lakini waliingia wengine ambao hawakuwahi kuingia popote.

Ng'ambo ya bahari yetu hii, kule Gujarat ambako majahazi yalikuwa yakija na kaskazi mpaka hapa bandarini, kuna kina mama wa Ahmedabad, wauza mboga, wabeba mizigo, wafuma nguo majumbani. Chama chao cha SEWA kilianza 1972 na Ela Bhatt, na mwaka 1974 wakafungua benki yao wenyewe kwa wanawake 4,000, kila mmoja rupia 10. Wengi hawakujua kuandika jina lao, basi kitabu cha benki kikawekwa picha ya mwenyewe badala ya sahihi. Hilo ndilo nililowambia kuhusu ngazi. Asiyejua kusoma hakuambiwa nenda kasome kwanza ndio uje, kitabu ndicho kilichobadilishwa.

Kuna na upande mwengine, na huu sitautaja kwa jina wala mahali. Kulikuja mradi, wakaleta friza kubwa ya jua ya kuhifadhi samaki, siku ya kufungua kulikuwa na hema na soda na kila mtu amevaa fulana mpya. Kikundi kiliundwa wiki mbili kabla, kwa sababu friza ilihitaji kikundi. Betri ilipokufa hakuna aliyekuwa na pesa ya betri wala hakuna aliyejua nani mwenye kuamua, na waliopelekwa kufunzwa utengenezaji walikuwa wanaume watatu ambao wawili wao washahamia Mombasa, na kina mama karanga, yaani wakaanga samaki, waliokuwa wakiitumia ile friza kila siku hawakufunzwa hata kufungua kifuniko cha nyuma. Sasa iko pale, yawekwa nyavu juu. Niliumia sana kwa ile friza. Kikundi kikizaliwa kwa ajili ya kitu, kitu kikifa na kikundi chafa.

Na huyo mama karanga, niulize, yuko kwenye daftari gani? Tuna BMU zetu, vile vikundi vya kusimamia ufuo na uvuvi, toka kanuni za 2007, ziko kisheria, zina uongozi, na mwenye mashua yuko, mvuvi yuko, mfanyabiashara yuko. Mwanamke anayenunua samaki wadogo asubuhi akawakaanga akawauza jioni, anayeokota chaza na kaa mikokoni, huyo ukimuuliza wewe ni mwanachama atasema mume wangu ndie. Ule uamuzi wa mahakama kuu ya Malindi, Aprili 2018, fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600 kwa sababu ya bandari mpya ya Lamu, mwaukumbuka vizuri sote hapa. Bahari ikichukuliwa sehemu, yeye aliyekaanga samaki riziki yake nayo imechukuliwa. Lakini hesabu huanza na orodha, na orodha huanza na daftari, na usipokuwa kwenye daftari siku za kawaida hutatokea kwenye orodha siku ya bilioni. Kwa hivo binti zangu nendeni mkajiandikishe, kwa majina yenu.

Mikoko sasa, na hii nitaiharakisha kwa sababu naona jua. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko hapa kwetu Lamu, na watu wa kaboni, wale wanaolipa miti iachwe isimame ifyonze hewa chafu, wameshaanza kuvuka maji kuja kutuuliza. Si vibaya. Kule Gazi, Kwale, Mikoko Pamoja wameuza kaboni toka 2013, hekta 117 tu, kama tani 3,000 kwa mwaka, na pesa zikaenda kwenye maji na vitabu vya shule, na kijiji ndicho kinachokaa barazani kuamua, na mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Ikweta na Umoja wa Mataifa. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 yasema mradi wa ardhi lazima utoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka baada ya gharama. Baada ya gharama, hayo maneno matatu muyasome mara mbili, na muulize gharama zaandikwa na nani. Na wale wakata boriti wa ukoo na ukoo, na ndugu zetu Waboni wa msituni ambao hukumbukwa siku za kura, wawe kwenye kile kikao cha kwanza kabla ya sahihi. Wakiitwa baadaye washakuwa wasikilizaji tu.

Serikali nayo ina lake, asilimia 30 ya tenda zake yatakiwa iende kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na vikundi vingi hapa havijawahi kujaza hata fomu moja. Fomu zatisha, najua. Vijana wa chuo mlioko hapa, hii ndio kazi yenu, msiniambie hakuna kazi, kaeni na kikundi cha mama zenu jioni moja mjaze pamoja nao, na msiwajazie peke yenu mkawapa waweke dole. Kaeni nao wajue kilichoandikwa.

Nimalizie kwa yule mama wa kofia kwa sababu wako watakaouliza. Mwaka uliofuata tulifanya uchaguzi, akachaguliwa mwandishi, daftari sasa liko kwake. Ameongeza safu moja ambayo mimi miaka yote sikuwa nayo. Kila mkutano aandika waliokuja, na chini yake aandika ambao hawakuja, na mbele ya jina la kila ambaye hakuja kuna nafasi ya sababu, na mtu hutumwa akaulize kabla ya wiki ijayo. Juzi nililiangalia, sababu moja ilikuwa viatu.

Kikundi kipya cha mtaa wa Langoni kinaanza Alkhamisi hii baada ya alasiri, pale chini barazani, hisa ni shilingi 50, na asiyekuwa na 50 aje aketi wiki ya kwanza asikilize. Anayetumia kiti cha magurudumu ama asiyeskia vizuri atuambie leo kabla hatujaondoka, tumtafutie mtu wa kumtolea ishara na tupange viti. Anayetoka Pate boti ya mwisho ni saa kumi na moja, kwa hivo nyinyi tutawaandika kwanza. Daftari liko hapa mbele, na mwandishi wetu ndie huyu aliyeketi nalo.